Shanga Kwenye Mizani

Mazungumzo ya redio
Masomo: Isaya 55:1-2, Ufunuo 18:11-13

Leo twataka kuwaza pamoja juu ya vitu ving'aavyo ambavyo havina thamani, na jinsi ya kuvitambua. Tutaanzia mahali padogo, Mtangawanda.

Msafiri atokaye Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupita katika Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko kuume na kushoto. Mkanda haupitiki kila saa. Maji yakitoka, chombo kikubwa hukwama matopeni, na abiria hukaa wakitazama kaa wakipanda mizizi ya mikoko. Kwa hiyo nahodha wa huko huyatazama maji kwanza, ndipo aitazame saa. Akiisha kutoka Mkanda huelekea Pate, na hapo upande wa magharibi wa kisiwa ndipo penye gati ya Mtangawanda. Wanaokwenda mji wa Pate hushuka wakaendelea kwa nchi kavu. Wa Faza na Kizingitini huendelea na chombo. Mtangawanda si mahali pa fahari. Ni mahali pa kushusha magunia ya unga na sukari, mabati, magodoro, na kungoja.

Siku moja tulikuwa tukingoja hapo boti ya kurudi Lamu. Kando yetu mchuuzi alikuwa amefungua sanduku lake: vikuku, hereni, saa zenye rangi ya dhahabu, na pete zenye vioo vyekundu. Mtoto wa kike akamshika mama yake nguo, akiitaka pete. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo kesho itakutia kidole rangi ya kijani." Mtoto hakusadiki. Alilia mpaka mama akatoa sarafu.

Upande wa pili alikuwapo kijana wa shule ya sekondari, daftari magotini. Akatuamkia, "Shikamooni, wazee. Samahani, Kiingereza mwakijua?" Tukasema kidogo twakijua. Akatuonyesha maneno matano: trinket, bauble, tinsel, tawdry, trumpery. "Kamusi yangu," akasema, "yanambia yote ni mamoja: kitu cha kung'aa kisicho na thamani. Lakini mwalimu asema hayafanani, na kesho atauliza."

Wapendwa, sisi tuliokuwa tumetoka kufundisha wengine tukaanza kukuna vichwa. Tulimjibu neno moja au mawili, kisha boti ikaja, mizigo ikapakiwa, na kijana tukamwacha na daftari lake. Tangu siku ile swali lake limetukaa moyoni. Mazungumzo haya ni jibu letu lililochelewa. Yeye aliuliza juu ya maneno ya Kiingereza. Lakini tulipoyachunguza tuliona kwamba yanatuuliza sisi juu ya mambo ya pwani yetu, na juu ya mioyo yetu.

Tuanze na neno la kwanza, trinket. Hicho ni kipambo kidogo cha bei ndogo: kipini cha pua, pete ya shaba, ushanga mmoja katika uzi. Neno hili hutaja udogo wa kitu, na kosa lolote halimo ndani yake. Kipambo kidogo chaweza kupendwa sana, na chaweza kushuhudia mambo makubwa.

Hapo hapo katika kisiwa cha Pate, upande wa kusini-mashariki, yako magofu ya mji uitwao Shanga. Masikioni mwetu jina hilo lasikika kama shanga za shingoni. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1988 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba huko pamoja na wenzake. Chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti mingine midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Wakakuta pia shanga: nyingine za kioo zilizotoka ng'ambo, nyingine zilizochongwa hapa kwetu kwa makombe ya baharini. Dhahabu ya matajiri wa Shanga haijulikani ilikokwenda. Shanga zilizoanguka mchangani ndizo zilizobaki kutuambia kwamba watu wetu walifanya biashara na nchi za mbali zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Na mwaka 2013, katika kisiwa jirani cha Manda, watafiti wakiongozwa na Chapurukha Kusimba walipata sarafu moja ya Kichina, ya shaba iliyochanganywa na fedha, yenye tundu la mraba katikati. Ilitolewa katika enzi ya Mfalme Yongle, aliyetawala kutoka 1402 hadi 1424. Ni kitu kidogo mno, lakini kilisafiri mbali kuliko wengi wetu tutakavyosafiri. Mwanamke wa mfano wa Bwana Yesu aliyewasha taa na kufagia nyumba nzima kwa ajili ya shilingi moja asingecheka kitu kama hicho. Basi tusidharau kitu kwa sababu ni kidogo. Jibu la kwanza kwa kijana wetu ni hili: trinket ni kipambo kidogo, na udogo si ubatili.

Neno la pili ni bauble. Asili yake ni neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kichezeo cha mtoto. Baadaye Waingereza walikiita hivyo pia kile kijiti cha mchekeshaji wa mfalme, chenye kichwa cha sanamu juu yake. Mchekeshaji alikishika kama mfalme ashikavyo fimbo ya enzi, na watu wakacheka, maana kilikuwa mfano wa enzi pasipo enzi yenyewe.

Neno hili liliingia katika historia tarehe 20 Aprili 1653. Siku hiyo Oliver Cromwell aliingia katika Bunge la Uingereza pamoja na askari, akawafukuza wabunge. Mezani palikuwa na rungu la Bunge, alama ya mamlaka yao. Cromwell akaliita kichezeo kwa neno hilo hilo, akaamuru liondolewe. Cromwell alikuwa Mprotestanti wa dhati, msomaji wa Biblia, na watu wengi wa makanisa yetu wamezoea kumsifu. Lakini tukumbuke yaliyofuata. Aliyeliita rungu la Bunge kichezeo alitawala kwa nguvu za jeshi, akafa mwaka 1658, na mwaka 1660 ufalme ukarudi. Bunge likawa na rungu tena, na linalo mpaka leo.

Ndugu zetu wa Tanzania huliita rungu la Bunge lao siwa. Neno hilo lina nyumba katika visiwa hivi tunavyovisema. Siwa ni baragumu kubwa la enzi. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ya shaba, zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Zilipulizwa katika arusi za wakubwa na sherehe za enzi, na hakuna aliyezifanya mchezo. Lakini mji wa Pate haumtawali mtu tena. Pembe ni ile ile na nakshi ni zile zile, ila enzi imeondoka. Hapo twaona maana ya neno la pili. Kitu cha heshima chaweza kugeuka kichezeo bila kupoteza hata chembe ya pembe yake. Hugeuka siku ile kinapobaki alama peke yake. Vivyo hivyo kanzu ya mchungaji, mhuri wa karani wa kanisa, na kiti cha mbele cha mzee wa kanisa. Vikiwa na utumishi nyuma yake ni vyombo vya heshima. Utumishi ukiondoka, tumebaki na kijiti cha mchekeshaji.

Neno la tatu ni tinsel. Hili limetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya cheche ya moto. Hapo kwanza lilikuwa jina la kitambaa chenye nyuzi za dhahabu au fedha, kilichometameta taa zilipowashwa. Halafu nyuzi za dhahabu zikawa nyuzi za madini hafifu, na siku hizi ni zile karatasi za kung'aa zinazoning'inizwa wakati wa Krismasi. Cheche ni moto wa kweli, wala si uongo, ila haikai.

Hapa hatuna budi kurudi Pate. Katika karne za 17 na 18 mji huo ulikuwa na nguvu na mali. Nyumba zake za mawe zilikuwa na vidaka ukutani, safu juu ya safu, vya kupangia vyombo vya kauri kutoka China. Watunzi wakubwa wa tenzi walitoka huko. Kisha fitina za ndani zikaanza kuula mji. Yapata mwaka 1812 Wapate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walivuka kwenda kuushambulia mji wa Lamu, wakashuka katika pwani ya Shela. Wazee husimulia kwamba waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walikuta maji yametoka na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Watu waliozaliwa kati ya maji kujaa na maji kupwa, siku ile hawakuyahesabu maji. Wengi wakafa pwani, na fahari ya Pate haikusimama tena kama kwanza.

Katika miaka hiyo hiyo aliishi Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenye asili ya Pate, aliyetunga utenzi uitwao Al-Inkishafi. Humo ausemesha moyo wake mwenyewe. Auliza kwa nini moyo wapenda dunia ipitayo, kisha auonyesha nyumba za wakubwa wa Pate zilivyokuwa: taa, wageni, vyombo vya kauri katika vidaka. Halafu auonyesha nyumba zile zile zikiwa tupu, ndege na popo wakikaa mahali pa vyombo. Mtunzi huyu alikuwa Mwislamu, na alisema kwa imani yake. Lakini William Taylor, mmishonari wa CMS aliyefanya kazi Mombasa na kukipenda mno Kiswahili, aliuona utenzi huo kuwa hazina, akautafsiri kwa Kiingereza, na kazi yake ikachapwa mwaka 1915 katika kitabu cha sarufi cha Stigand. Ndugu, tujifunze hapa unyenyekevu. Jirani yetu anapoueleza ukweli kuliko tunavyoueleza sisi, tumsikilize.

Msomaji wa Mhubiri atatambua sauti hiyo mara moja. Neno ubatili katika kitabu kile kwa Kiebrania ni pumzi, ule mvuke utokao kinywani asubuhi ya baridi. Pumzi si uongo. Umeiona kwa macho yako. Ila ukinyosha mkono kuishika, haipo. Utajiri wa Pate nao ulikuwa wa kweli, na kosa lilikuwa kuujengea kama kwamba hauna saa ya kutoka. Basi tinsel ni mng'aro wa kweli usiodumu.

Neno la nne ni tawdry, na hili lina kisa cha ajabu, maana lilizaliwa kanisani. Katika Uingereza ya karne ya 7 alikuwapo malkia jina lake Etheldreda, ambaye watu baadaye walimwita pia Audrey. Aliacha enzi, akajenga nyumba ya watawa huko Ely mwaka 673, akafa mwaka 679 kwa uvimbe wa shingo. Mwandishi Bede, aliyemaliza historia yake mwaka 731, asimulia kwamba Etheldreda aliupokea uvimbe ule kwa shukrani. Alisema kwamba katika ujana wake alijitwika shingoni mikufu isiyo na kazi, na sasa Mungu amempa uvimbe mahali pa mikufu.

Miaka mingi ikapita. Kila Oktoba pakawa na gulio huko Ely kwa ukumbusho wake. Na unadhani waliuza nini katika gulio la mwanamke aliyetubu mikufu yake? Waliuza tepe za hariri za kuvaa shingoni! Wakaziita tepe za Mtakatifu Audrey. Hapo kwanza zilikuwa nzuri. Halafu wachuuzi wakaona kwamba jina peke yake latosha kuuza, wakapunguza hariri na kuzidisha rangi. Jina nalo likakatwa na kuvutwa katika vinywa vya watu mpaka Saint Audrey likawa tawdry, yaani kitu cha madoido mengi na kazi duni.

Wapendwa, tusiwacheke watu wa Ely. Hakuna kanisa lililo salama na gulio la namna hiyo. Mhubiri wa kwanza alilia machozi ya kweli. Wa pili amejifunza kulia. Wimbo uliozaliwa katika taabu waimbwa kwa vipaza sauti mpaka maneno hayasikiki. Mahali pa toba pageuka mahali pa biashara, na jina la aliyetubu labaki juu ya bidhaa. Tawdry ni kitu kilichoanza kwa ukweli, kikashushwa kwa kuuzwa.

Sasa twafika neno la tano, trumpery, na hapa tutakaa zaidi, maana hapa pana deni la damu. Neno hili limetoka katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kudanganya. Kwa hiyo linahusu kile kinachomlaghai mtu. Kwa Kiswahili twasema hadaa. Wahenga walilijua jambo hili waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Katika vitabu vingi vya wasafiri wa karne ya 19, biashara ya Afrika Mashariki yaelezwa hivi: kwamba Mwafrika alitoa pembe za ndovu, mali ya kweli, akapokea shanga, takataka za kung'aa. Mtoto wetu akisoma hayo aona haya. Aona babu zake walikuwa wajinga waliouza mali kwa vichezeo, kama yule mtoto wa Mtangawanda aliyelilia pete. Je, ni kweli? Tuyaweke mambo kwenye mizani.

Kwanza, biashara yenyewe ni ya kale. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vya chuma na vitu vya kioo vikiletwa katika pwani yetu, na pembe zikichukuliwa. Biashara idumuyo karne nyingi namna hiyo haiwezi kuwa mchezo wa kuwalaghai watoto.

Pili, mnunuzi hakuwa mjinga. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba zilikuwapo aina za shanga zipatazo 400, kila moja na jina lake, bei yake na mahali ilipopendwa. Shanga zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zilikuwa fundo moja, nao watu walizihesabu kwa uangalifu kama tuhesabuvyo noti. Henry Stanley alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 alitaabika sana juu ya jambo hili. Aliambiwa kwamba shanga nyeusi zilipokewa Ugogo lakini kwingine hazikutakiwa. Zilizokuwa na thamani Ujiji zingekataliwa na wengine. Na nyeupe zilipendwa mahali fulani, zikapuuzwa mahali pengine. Mfanya biashara aliyebeba shanga zisizotakiwa aliweza kufa njaa akiwa na magunia yamejaa. Basi ni nani aliyekuwa akichagua? Ni huyo huyo tuliyeambiwa kwamba alidanganyika. Kwake shanga zilikuwa fedha, na zilikuwa pia pambo, alama ya umri, na heshima ya ndoa. Noti iliyo mfukoni mwako, ndugu, nayo ni karatasi. Thamani yake ni mapatano ya watu, na hakuna akuitaye mjinga kwa kuipokea.

Hatusemi kwamba shanga hazikuleta tamaa. Burton huyo huyo aeleza kwamba shanga nyekundu, zile za samesame, zilipewa majina ya utani na watu wenyewe. Jina moja lilikuwa na maana ya kwamba humaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa chakula chake ili azipate. Jina jingine lilikuwa na maana ya kivunja mji. Jina hilo lilitoka kwa Waafrika, watu waliovaa shanga na kuzipenda, lakini walijua hatari yake wakaipa jina. Sisi je, simu, gari na nyumba ya kuonyesha watu tumevipa majina kama hayo? Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zimevunjwa na mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya arusi ya siku moja?

Tatu, tuzifuate pembe ziendako. Pembe zilizotoka Unguja zilikwenda India, Ulaya na Marekani. Katika jimbo la Connecticut huko Marekani vilistawi vijiji vya viwanda vya pembe, Deep River na Ivoryton, na hili la pili lina maana ya mji wa pembe. Huko pembe zilikatwa kuwa vibao vya piano na vitana vya nywele. Kwingine zilifanywa vipini vya visu na mipira ya kuchezea juu ya meza. Ndovu mzima aliuawa Afrika ili waungwana wagonge mipira baada ya chakula cha jioni. Sasa tuulize tena: ni nani aliyetoa mali akapewa kichezeo? Kila upande ulimwona mwenzake mjinga kwa kutoa kitu chema kwa kitu cha upuzi. Wala sisi wa kanisa tusijitoe kando, maana yamkini vinanda vingine vilivyosindikiza tenzi zetu vilikuwa na pembe hizo chini ya vidole vya mpigaji.

Lakini bado hatujaifikia hadaa yenyewe. Wapagazi wengi wa misafara walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, nao walilipwa ujira. Ila katika njia zile zile na kwa bidhaa zile zile, nguo na shanga, watu nao walinunuliwa. Mwanamume, mwanamke na mtoto walihesabiwa pamoja na mafundo na majora. Wakaletwa pwani, wengine wakauzwa Unguja, na wengine wakapelekwa mpaka mashamba ya Mombasa, Malindi na visiwa vya Lamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano tarehe 5 Juni. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palipokuwa soko, na Askofu Edward Steere, mfasiri wa Maandiko kwa Kiswahili, akalisimamia jengo lake. Miaka miwili baada ya soko kufungwa CMS ilianzisha Freretown karibu na Mombasa, makao ya watu waliowekwa huru.

Hapa ndipo tulipo na jibu. Hadaa haikuwa katika ushanga. Ushanga ni kioo, na kioo hakikumwambia mtu uongo. Hadaa ilikuwa katika mizani ile iliyoweka ushanga upande mmoja na mwana wa Adamu upande wa pili, kisha ikasema, zimelingana. Waliosimamia mizani hiyo walikuwa watu wa rangi nyingi na dini nyingi, wa bara na wa pwani, wa Asia na wa Ulaya. Yohana katika kisiwa cha Patmo aliona wafanya biashara wakiulilia mji mkubwa ulioanguka. Isomeni orodha ya bidhaa zao katika Ufunuo 18. Yaanza na dhahabu, yapita lulu, kitani nzuri na vyombo vya pembe, yashuka mpaka unga na ng'ombe, na mwisho kabisa, kama kitu kilichosahauliwa, yataja miili na roho za wanadamu. Mji uliofikia kuandika hivyo ulikuwa umekwisha kuhukumiwa hata kabla moto haujawaka.

Ndugu wapendwa, orodha kama hiyo haijafutwa duniani. Yuko msichana anayeachishwa shule ili nyumba ipate televisheni. Yuko mfanyakazi wa nyumbani ambaye bei ya kikombe alichovunja yakatwa katika mshahara wake, na bei ya machozi yake haikatwi popote. Yuko kijana wa pwani na wa bara aliyeahidiwa kazi nchi za mbali, picha za majumba zikamng'aria machoni, naye alipofika akanyang'anywa pasipoti. Hiyo ndiyo trumpery.

Basi, mwanangu uliyekuwa Mtangawanda na daftari magotini, kama wasikiliza, haya ndiyo majibu yako. Trinket ni kitu kidogo, usikidharau. Bauble ni alama iliyoachwa na enzi yake, usiipiganie. Tinsel ni mng'aro upitao. Ufurahie ukiwaka, ila usijenge nyumba juu yake. Tawdry ni kitu kitakatifu kilichouzwa rahisi, ukitubie. Trumpery ni hadaa. Ikimbie, na ukiwa na nguvu, ivunje mizani yake. Mtihani wako umekwisha zamani, nasi twakuomba radhi. Wetu haujaisha.

Isaya asimama sokoni kama mchuuzi, lakini mchuuzi wa namna nyingine. Awauliza watu kwa nini watumia fedha kwa kitu kisicho chakula, kisha awaita waje wanunue bila fedha. Na Bwana wetu alisema juu ya mfanya biashara aliyetafuta lulu nzuri. Alipoiona moja ya thamani kubwa aliuza vyote alivyokuwa navyo. Hakukatazwa kupenda lulu. Alijua kuchagua, kama wazee wetu walivyojua kuchagua shanga. Na iko biashara moja tu ambayo mizani yake haikudanganya, pale Mungu alipoweka upande mmoja mtu mwenye dhambi, na upande wa pili akaweka Mwana wake mwenyewe. Tangu siku hiyo bei ya mwanadamu imejulikana. Yeyote atajaye bei nyingine, hata awe na sanduku zuri namna gani, ni mchuuzi wa hadaa.

Yule mtoto alipanda boti pamoja nasi, amevaa pete yake. Maji yalikuwa yamejaa, na Mkanda tukaupita salama. Jua lilipokuwa likishuka nyuma ya mikoko alilala magotini pa mama yake. Mama akaivua pete ile taratibu, akakipangusa kidole kwa pembe ya leso, kisha akamrudishia pete. Aliijua bei ya pete. Aliijua pia bei ya mtoto.

Na tuombe. Ee Bwana, utufundishe kupima. Utuondolee macho ya kudharau kilicho kidogo, na moyo wa kuabudu king'aacho. Uwakumbuke wote wanaouzwa na kununuliwa leo hii mahali tusipopaona. Na siku maji yatakapotoka, tukutwe tumesimama juu ya mwamba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.